Kuisogeza saa ya mwili kwa anayefanya kazi usiku

Mlinzi wa hoteli Nungwi, muuguzi wa wodi, mwoka boflo na mvuvi wa dagaa wana tatizo moja. Wanafika kitandani asubuhi wamechoka hoi, wanalala kwa muda wa saa nne au tano, kisha adhuhuri macho yanafunguka na hayafungi tena. Lawama humwangukia jua, watoto wa jirani au joto la bati. Hayo yapo, lakini hata ukimlaza mtu huyo katika chumba baridi na kimya, bado ataamka mapema. Kinachomwamsha ni jeni zake.

Mwongozo huu unaeleza jinsi jeni hizo zinavyohesabu saa, kisha jinsi ya kuzisogeza kwa mwanga, giza, chakula na kahawa. Saa zote ni za Kiswahili. Hilo si suala la lugha tu: watafiti wanaochunguza saa ya mwili kwa panya huanza kuhesabu sifuri pale taa inapowashwa, kama sisi tunavyoanza kuhesabu upya jua linapochomoza. Saa moja yao ni saa 1 asubuhi yetu.

Saa yenyewe

Ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa miwili ya macho inapopishana, pana vikundi viwili vidogo vya seli, vyote pamoja kama seli 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu. Kila seli ina saa yake kamili, nyingine zinazoizunguka huisaidia tu isipotee njia.

Ndani ya seli, protini mbili zinazoitwa CLOCK na BMAL1 hushikana, zikakaa juu ya DNA na kuamsha jeni za PER na CRY. Jeni hizo hutoa protini zao, nazo hukusanyika pole pole. Zikishakuwa nyingi huingia kwenye kiini cha seli na kuwazuia CLOCK na BMAL1, yaani zinamzima yule yule aliyezizaa. Uzalishaji ukisimama, PER na CRY zilizobaki huvunjwa kidogo kidogo mpaka kizuizi kiishe, na kazi inaanza upya.

Kwa nini mzunguko huo uchukue siku nzima na si saa mbili? Kwa sababu PER haiachiwi ijikusanye haraka. Enzaimu iitwayo kazeini kinesi 1 huibandika alama za fosfeti zinazoipeleka kuvunjwa, na mwendo wa alama hizo ndio unaoamua urefu wa siku ya mwili. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walieleza habari ya hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, mwenye kasoro ya jeni ambaye, akiwa na nakala mbili za jeni hiyo yenye kasoro, siku yake ilikuwa ya saa 20. Miaka miwili baadaye walihamisha saa kuu ya mnyama wa namna hiyo kwenye ubongo wa mwengine aliyeharibiwa saa yake, na aliyepokea akaanza kuishi kwa saa za aliyetoa. Mwaka 2000 ikajulikana kuwa kasoro ilikuwa kwenye kazeini kinesi 1.

Pana mzunguko wa pili unaoutia nguvu ule wa kwanza: protini REV-ERB huizima jeni ya BMAL1 na protini ROR huiamsha. Panya asiye na BMAL1 kabisa, akiwekwa gizani mfululizo, hupoteza mpangilio wote. Hulala na kuamka ovyo.

Kwenye saa kuu, ujumbe wa PER, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini yake, huwa mwingi mchana na mchache usiku, kwa mnyama wa mchana na wa usiku vile vile. Kima punju wa Jozani hulala jua likichwa, popo wa Pemba anatoka mtini wakati huo huo kwenda kutafuta matunda, na komba analia usiku kucha, lakini wote ni mamalia wanaohesabu kwa jeni hizo hizo. Tofauti iko kwa wanaopokea amri, si kwa saa inayoitoa. Ndiyo maana kukesha miaka kumi hakumgeuzi mtu kuwa komba.

Mambo mawili ya kukumbuka kabla ya kuanza kazi. Kwanza, siku ya saa ya binadamu ni ndefu kidogo kuliko ya jua, wastani wa saa 24 na dakika kama kumi, hivyo kuichelewesha ni rahisi kuliko kuiwahisha. Pili, kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho pana seli chache zenye rangi iitwayo melanopsini, ambazo husikia zaidi mwanga wa buluu na kupeleka habari moja kwa moja kwenye saa kuu. Habari hiyo ikifika, jeni ya PER huamshwa hapo hapo, hata kama si wakati wake. PER ikiongezwa mwanzoni mwa usiku, mzunguko unachelewa. Ikiongezwa mwishoni, unawahi. Mwanga ule ule, matokeo mawili yanayopingana.

Tafuta kina cha saa yako

Mpaka kati ya kuchelewesha na kuwahisha uko karibu na wakati joto la mwili liko chini kabisa. Tuuite kina. Kwa watu wengi kiko saa mbili hadi tatu kabla ya kuamka wenyewe. Chagua siku nne au tano usizokuwa na zamu, lala unapopata usingizi, usitege kengele, andika saa unayoamka. Chukua wastani, toa saa mbili na nusu. Anayeamka saa 12:30 asubuhi, kina chake ni karibu saa 10 alfajiri. Anayeamka kwa kengele ya sala ya alfajiri miaka yote asidanganyike kuwa ndiyo saa yake. Aangalie kama akirudi kulala anapotelea usingizini mpaka jua limepanda.

Hesabu hii ikikosewa kwa saa tatu, kila kitu kinachofuata kitafanya kazi kinyume. Usiiruke.

Amua kama inafaa kusogeza

Usiku mmoja au miwili kwa wiki haifai. Saa itaanza kusogea, zamu iishe, uanze kuirudisha, na wiki nzima utakuwa katikati. Afadhali ulale dakika 90 alasiri kabla ya zamu, ukimaliza ulale kwa muda wa saa tatu au nne tu asubuhi, na usiku unaofuata ulale mapema kama kawaida.

Usiku mitatu mfululizo na kuendelea, sogeza, lakini si mpaka mwisho. Kuigeuza saa yote kwa saa 12 kunakutenga na familia siku za mapumziko, na mwili hausogei zaidi ya saa moja au mbili kwa siku. Lengo la kati linatosha: kina kihame kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Kikifika hapo kinaangukia ndani ya usingizi wako wa mchana, na siku ya mapumziko bado unaweza kulala saa 9 usiku ukaamka saa 6 mchana ukala na watu wako. Ni safari ya saa sita. Ikienda vizuri huchukua usiku minne hadi sita.

Mwanga wakati wa zamu

Taa ya kawaida ya chumba inatoa kama lux 100 hadi 300 machoni (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Kivuli cha mwembe mchana ni maelfu, na jua la wazi linafika lux 100,000. Kwa hiyo balbu ya ofisini usiitegemee. Kurunzi ya nje ya LED ya wati 30, yenye lumeni kama 3,000 (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa), ikielekezwa kwako kutoka mita moja inatoa karibu lux 1,000. Ukiisogeza nusu mita inakaribia 4,000. Iweke pembeni, ikumulike uso bila wewe kuikodolea. Nyeupe ni bora kuliko ya manjano. Mwenye ugonjwa wa macho, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi na macho kuumizwa na mwanga, amuone dakta kwanza.

Si lazima ukae chini ya taa usiku kucha. Dakika 15 kila saa zinatosha. Anza saa 6 au 7 usiku. Siku ya kwanza acha saa 9 usiku, ya pili saa 10 alfajiri, ya tatu saa 11. Mwisho unasogea kwa sababu kina nacho kinasogea. Ukikaa chini ya taa mpaka saa 11 alfajiri usiku wa kwanza kabisa, umekipita, na saa itawahishwa badala ya kucheleweshwa. Hili ndilo kosa la wanaopenda kujilazimisha.

Mlinzi ana tatizo la peke yake: akitoka kwenye taa kali haoni gizani, na macho huchukua hadi nusu saa kuzoea kikamilifu. Akae kwenye taa zamu ya mwenzake kuzunguka, siyo yake. Kama analinda peke yake, amulike eneo lenyewe badala ya uso wake na akubali kuwa saa itasogea pole pole.

Njia ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia. Visiwani Zanzibar jua huchomoza takriban kati ya saa 12 na saa 12:35 asubuhi mwaka mzima, hatuna msimu wa asubuhi za giza. Anayetoka zamu saa 1 anakutana na makumi ya maelfu ya lux baada ya kina chake. Nusu saa ya mwanga huo inafuta kazi ya usiku mzima, na saa inabaki pale pale ilipokuwa, wiki baada ya wiki.

Vaa miwani myeusi inayoziba pembeni na kofia ya ukingo mpana kabla hujatoka mlangoni. Kaa upande wa daladala usiopigwa na jua. Usisimame sokoni, usikae barazani kunywa chai. Ila kama unaendesha pikipiki au gari mwenyewe na unasinzia, miwani myeusi inakuongezea usingizi: lala dakika 20 kazini kwanza, au panda daladala. Saa ya mwili itasubiri.

Chumba

Nyoosha mkono mbele ya uso. Ukiviona vidole, chumba hakina giza. Nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene na madirisha ya mbao, hazina kazi kubwa, unafunga tu. Nyumba ya bati shamba ni habari nyengine, kwa sababu mwanga unaingia pale pale unapoingia upepo, kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Wengi huziba mwanya kwa magunia, saa 5 asubuhi chumba kikawa tanuri, wakaamka kwa joto wakadhani ni jua.

Ziba macho, uache upepo upite. Kipande cha kitambaa cheusi kilichokunjwa mara tatu, upana wa viganja viwili, kikifungwa kisawasawa kinashinda pazia la bei kubwa. Kiwe cha pamba, cha nailoni kitakutoa jasho.

Joto si suala la raha tu. Ili usingizi uje, mwili hushusha joto lake la ndani kwa kulitoa kupitia mikono na miguu, na joto hilo hupanda tena baada ya kina. Saa isiyosogezwa inalipandisha tangu alfajiri, na kufika adhuhuri liko juu. Ndiyo yale macho makavu ya mchana. Mpaka saa isogee, saidia kwa nje: oga kabla ya kulala, wacha miguu wazi, tandika kanga yenye unyevu miguuni na uelekeze feni hapo. Miezi ya kaskazi, Januari mpaka Machi, kazi hii ni ngumu. Wakati wa kusi ni nafuu zaidi. Anayeanza zamu za usiku akiwa na uchaguzi, aanze Juni au Julai.

Lala kufika saa 2:30 asubuhi. Adhuhuri ikiingia kwenye saa 6:30 usilazimike kuruka kitandani na mwito wa kwanza. Wakati wake ni mpana hadi alasiri. Ukiamka, swali kwenye mwanga hafifu, urudi. Alasiri, baada ya saa 9, toka nje ukae kwenye mwanga kidogo. Mwanga huo unafanya kazi kama breki: unaizuia saa isichelewe kupita lengo.

Siku za mapumziko lala saa 9 usiku hadi saa 6 mchana, na sala ya alfajiri iwe kwa taa ndogo ya manjano, simu ikiwa kando. Ukilala saa 4 usiku "kufidia", ukaamka na jua, siku mbili zinatosha kuvunja ulichojenga kwa wiki.

Chakula na kahawa

Ini, kongosho na misuli vina saa zao kwa jeni zile zile. Kwa nyani waliochunguzwa mwaka 2018, zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotoa protini zilionekana kupanda na kushuka kwa saa katika angalau tishu moja. Saa kuu hufuata mwanga, lakini ya ini hufuata sahani. Panya waliopewa chakula mchana tu, wakati wao wa kulala, walionyesha ini limegeuka kabisa ndani ya wiki moja hivi huku saa kuu haijatikisika.

Kwa hiyo mlo mkubwa, wali au ugali na mchuzi, uliwe magharibi kabla ya zamu. Kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi kula kidogo tu: ndizi, mtindi, karanga, kipande cha boflo. Usiku melatonini, homoni ya usiku, ikiwa juu kongosho hutoa insulini kwa uvivu, na sukari hubaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Sahani ya chipsi saa 8 usiku si sahani ile ile ya saa 8 mchana. Mwenye kisukari anayetumia insulini asibadili chochote hapa bila daktari wake.

Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama saa tano. Kahawa chungu ya kikombe kidogo inafaa kwa zamu kuliko bilauri moja kubwa: kikombe saa 3 usiku, kingine saa 5, cha mwisho saa 8. Baada ya hapo hakuna, wala chai ya rangi. Kafeini pia inaichelewesha saa yenyewe, si kukukesha tu.

Wakati wa Ramadhani milo yote mikuu huhamia usiku, hivyo saa ya ini inavutwa na futari na daku wakati jua linaishikilia saa kuu pale pale. Kwa anayekesha kazini mwezi huo ndio rahisi zaidi, watu wote wamesogea pamoja naye. Daku iwe ndogo na iliwe karibu na imsaki, futari ibebe uzito.

Wavuvi wa dagaa

Hawa hawafuati wiki, wanafuata mwezi. Wakati wa giza wako baharini na taa, ikija mbaamwezi wanapumzika. Taa za chombo ni kali na zinasaidia kuchelewesha, mradi zianze mapema usiku. Hasara inakuja wakati wa kurudi: jua linapiga uso na maji yanalirudisha kutoka chini, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi, miwani inahitajika. Kugawa samaki na kuanika wafanye wengine asubuhi hizo, ikiwezekana.

Kurudi kwenye maisha ya mchana ndiko kugumu. Mbaamwezi ikiingia, kina kiko saa 4 asubuhi. Mvuvi anayetoka saa 1 asubuhi siku ya kwanza "kuizoea asubuhi" anapata mwanga kabla ya kina, na saa inazidi kuchelewa. Siku ya kwanza akae ndani mpaka saa 4:30, kisha atoke juani saa nzima. Siku ya pili saa 3:30, ya tatu saa 2:30, na kuendelea hivyo. Usiku taa ziwe hafifu kuanzia isha.

Ikikataa

Umefuata yote usiku saba na bado unaamka baada ya usingizi wa saa nne tu. Kagua kwanza safari ya asubuhi, maana mara nyingi miwani ilivaliwa barabarani ikavuliwa uani. Kisha kagua kahawa. Kisha hesabu ya kina, irudie upya.

Ikiwa vyote viko sawa, huenda ni jeni zenyewe. Mwaka 2001 ilielezwa familia ambayo badiliko moja la herufi katika jeni ya PER2 huwafanya walale saa 1:30 usiku na kuamka saa 10:30 alfajiri, bila ugonjwa mwengine. Mwaka 2017 likaelezwa badiliko la CRY1 linalofanya kinyume, watu ambao usingizi hauji mpaka usiku umekwenda. Wa kundi la kwanza hawafai zamu ya usiku hata wakivaa miwani mitatu, na wa kundi la pili huenda wakaimudu kwa urahisi zaidi. Baina yao wako watu wengi wenye mwelekeo wa upande mmoja au mwengine. Ukiwa na bosi anayesikiliza, omba zamu ya saa 8 mchana hadi saa 4 usiku; kwa aliyezaliwa akiamka kabla ya jogoo hiyo nayo ni ngumu, lakini ataimudu.